Chumvi Ndani ya Mtutu

Mwaka 1922 Idara ya Migodi ya Marekani ilichapisha ripoti ya mkemia Wilbert J. Huff kuhusu kutu inayoota ndani ya mtutu wa bunduki siku chache baada ya kufyatuliwa, hata kama mtutu umepanguswa ukang'aa na kupakwa mafuta. Majeshi ya mataifa makubwa yalikuwa yamesumbuliwa na kutu hiyo kwa takriban miaka thelathini. Yalitunga kanuni za kusafisha, yakazirefusha, na katika jeshi la Marekani ikawa desturi kusafisha siku tatu mfululizo baada ya mazoezi ya shabaha. Bado bunduki zilizowekwa ghalani zikiwa safi zilitolewa zikiwa na vidonda. Jibu la Huff lilikuwa la neno moja: chumvi. Chumvi yenyewe ni kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa ile tunayotia mchuzini, na chanzo chake ni fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda la risasi kinachowasha baruti. Baruti yenyewe, iliyokuwa imelaumiwa miaka yote hiyo, haikuwa na hatia kubwa.

Nimeianza habari hii katikati kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo historia ya silaha hulisimulia kinyume. Kwa kawaida usafi wa mtutu husimuliwa kama sura ya nidhamu: askari mwangalifu bunduki yake inalenga, mvivu bunduki yake inatawanya risasi. Ushahidi wa karne mbili zilizopita hauungi mkono simulizi hiyo moja kwa moja. Kitu kilichokuwa kikiharibu shabaha kilibadilika mara kadhaa, kwa kuwa baruti, fataki na madini ya risasi vilibadilika, na karibu kila mara majeshi yaliendelea kupambana na uchafu wa jana huku uchafu wa leo ukila chuma. Tiba zilizodumu zililetwa na watu waliouliza uchafu huu ni kitu gani. Waliouliza nani hakusafisha walipata watu wa kuadhibu, lakini kutu ilibaki.

Kwanza tuone mtutu unafanya kazi gani. Ndani ya bunduki ya kisasa mmechongwa michirizi inayojizungusha kutoka chemba hadi mdomoni. Risasi hubanwa na michirizi hiyo, ikashikwa na kuzungushwa, na mzunguko huo ndio unaoifanya iende sawasawa angani bila kupinduka. Ikipwaya hata kidogo, gesi ya moto huvuja pembeni yake na mbano hupotea. Utandu mgumu ukijijenga katika michirizi, tundu hupungua na msuguano huongezeka, tena kwa kiasi kisicho sawa kwa kila risasi. Kasi hubadilika kutoka mfyatuo mmoja hadi mwingine, na matundu yaliyokuwa yakigusana kwenye karatasi ya shabaha huachana. Kutu ni mbaya zaidi, maana utandu unaweza kuondolewa lakini chuma kilicholiwa hakirudi. Halafu kuna mdomo wa mtutu, mahali ambapo risasi inaagana na chuma. Ukingo wa mdomo ukiwa umelika upande mmoja, gesi hutokea upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando. Mdomo huu una sehemu kubwa katika habari hii kuliko wengi wanavyodhani.

Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, ni chafu kwa asili yake. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi. Sehemu ya yabisi hiyo hutoka kama ule moshi mweupe mzito, na nyingine huganda ndani ya mtutu kama ukoga mweusi unaofyonza unyevu wa hewa. Kwa bunduki za mtutu laini jambo hili lilivumilika. Muskete ya Waingereza iliyoitwa Brown Bess ilikuwa na tundu la takriban inchi 0.75, lakini gololi yake ilifanywa ndogo kwa makusudi, karibu inchi 0.69, ili askari aweze kuendelea kushindilia hata ukoga ukizidi. Gharama ya ulegevu huo ilikuwa shabaha: gololi iligonga kuta za mtutu huku na huku na kutoka kwa pembe yoyote iliyoiacha mwisho. Magobori yaliyomiminika Afrika Mashariki kupitia Unguja katika karne ya 19 yalikuwa ya ukoo huohuo, yenye gololi legevu, baruti ya biashara na mdeki wa kushindilia. Wajumbe wa mataifa waliokutana Brussels waliijua tofauti iliyokuwapo kati ya bunduki hizi na zile za michirizi. Mkataba wao wa 1890 uliziwekea vikwazo vikali bunduki za michirizi na risasi zake katika eneo kubwa la Afrika, lakini ukaacha mlango wa kuingiza bunduki za gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki iliyovumilia uchafu ilihesabiwa kuwa haina hatari kubwa, kwa sababu uvumilivu wake na upungufu wake wa shabaha vilikuwa kitu kimoja.

Bunduki ya michirizi haikuwa na uvumilivu huo. Bunduki ya Baker, iliyopewa vikosi vya walenga shabaha wa Uingereza kuanzia mwaka 1800, ilitumia gololi iliyovikwa kipande cha ngozi au kitambaa chenye mafuta ili ishike michirizi. Risasi za kwanza ziliingia bila taabu. Ukoga ulipojaa, kushindilia kukawa kazi ya mabavu, na mwanzoni askari walipewa hata nyundo ndogo za mbao za kugongea. Hilo ndilo lililochelewesha bunduki za michirizi kuenea jeshini kwa zaidi ya nusu karne. Fundi wa karne ya 18 alijua kuchonga michirizi vizuri kabisa. Lililomshinda ni kuifanya bunduki ifyatue mara ishirini mfululizo pasipo kuoshwa.

Ufumbuzi wa kwanza ulitoka Ufaransa. Risasi ya Claude-Étienne Minié, iliyojulikana tangu mwaka 1849, ilikuwa na umbo la pia na tundu kitakoni. Iliingia mtutuni ikiwa nyembamba, kisha gesi ya baruti ikakitanua kitako chake kikabana michirizi. Waingereza walilichukua wazo hilo na kutengeneza bunduki ya Enfield ya 1853, yenye tundu la inchi 0.577 na risasi ya inchi 0.568. Nafasi iliyobaki haikufika hata sehemu moja ya mia ya inchi. Ili ukoga usiizibe nafasi hiyo, karatasi ya risasi ilichovywa mafuta, ambayo kila risasi mpya ilipoingia yalilainisha uchafu uliotangulia. Kwa maneno mengine, usafishaji ulihamishwa kutoka kwa askari ukawekwa ndani ya risasi yenyewe. Kiufundi lilikuwa wazo zuri. Kisiasa lilikuja kuwa balaa, kwa sababu askari alitakiwa kuirarua karatasi hiyo kwa meno.

Januari 1857 uvumi ulianza Dum Dum, karibu na Calcutta nchini India, kwamba mafuta hayo yalikuwa ya ng'ombe na nguruwe, yaani najisi kwa Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Tarehe 24 Aprili huko Meerut, askari 85 kati ya 90 wa kikosi cha farasi walikataa kupokea risasi. Tarehe 9 Mei walifungwa minyororo mbele ya wenzao, na kesho yake uasi ukalipuka. Kusema kwamba ukoga wa baruti ndio ulioung'oa utawala wa Kampuni ya India Mashariki itakuwa ni kutia chumvi. Kulikuwa na malalamiko ya ardhi na ya kodi, na kunyakuliwa kwa ufalme wa Awadh mwaka 1856. Hata hivyo swali kwa nini risasi ilipakwa mafuta lina jibu moja tu, nalo limo ndani ya mtutu. Vita vyenyewe vilionyesha pia kwamba mafuta yale hayakutosha. Katika joto la India yaliyeyuka, risasi zikakwama, na jeshi likalazimika kupunguza upana wa risasi hadi inchi 0.55 na kutumia zaidi nta ya nyuki, isiyoyeyuka upesi. Maofisa waliosisitiza kwamba askari wajifunze kutii hawakugusa hata tatizo moja kati ya hayo mawili, la dini wala la mtutu.

Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe miaka michache baadaye, walijaribu njia nyingine. Elijah Williams alibuni risasi yenye kisahani cha zinki kitakoni, kilichotanuka wakati wa kufyatua na kukwangua ukoga njiani. Risasi chache za namna hii ziliwekwa ndani ya pakiti za kawaida ili askari ajisafishie mtutu huku akipigana. Wengi hawakuziamini, wakazitupa. Nchini Uingereza mhandisi William Ellis Metford aliliendea jambo hilo kutoka upande wa pili. Kama ukoga unajibana kwenye pembe za michirizi, alifikiri, basi pembe ziondolewe. Michirizi yake saba ilikuwa na kina kidogo na kona za mviringo, na mtutu wake uliweza kufyatua kwa muda mrefu bila kuoshwa. Jeshi la Uingereza liliichagua kwa bunduki yake mpya ya mwaka 1888, Lee-Metford. Ilikuwa jawabu safi kabisa, lakini lilifika wakati swali lenyewe linaondoka.

Miaka minne kabla yake Mfaransa Paul Vieille alikuwa ametengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 Ufaransa ikaitoa bunduki ya Lebel iliyoitumia. Waingereza walifuata na baruti yao, kodaiti, iliyobuniwa na Frederick Abel na James Dewar mwaka 1889. Ilikuwa na asilimia 58 ya nitrogliserini, asilimia 37 ya pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, na asilimia 5 ya vaselini. Hiyo vaselini inachekesha kidogo: ilitiwa kwa matumaini kwamba italainisha mtutu, kumbe faida yake ya kweli ikawa kuizuia baruti isioze ghalani. Kodaiti haikuacha ukoga wa kutosha kuziba kitu chochote. Iliungua kwa joto kali sana, na michirizi myepesi ya Metford, iliyochongwa ili kuukwepa uchafu, ilichakaa haraka mno. Kufikia 1895 ilibadilishwa kwa michirizi mitano yenye kina na kona kali, na bunduki ikaitwa Lee-Enfield. Kazi ya miaka mingi ya kupambana na ukoga ilifutwa kwa sababu adui yake alikuwa amekwisha hama.

Hapo ndipo kutu ya baadaye ilipoanza kushangaza watu. Baruti mpya haikuacha masizi mengi, mtutu ulitoka uking'aa baada ya kupitishwa vitambaa viwili, na kesho yake ulikuwa umefunikwa na kutu. Nadharia zilitolewa nyingi. Wengine walisema baruti za nitriki huacha asidi inayojificha. Wengine waliamini chuma hunyonya gesi katika vinyweleo vyake na baadaye kuitoa kama jasho, na ndiyo maana eti mtutu lazima usafishwe tena siku ya pili na ya tatu. Maduka yalijaa vimiminika vya kuyeyusha masalia ya nitriki na kuua asidi. Chupa ya Hoppe's No. 9, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1903, bado ipo sokoni. Kwa upande wa baruti vimiminika hivyo vilifanya kazi yake. Kwa upande wa kutu havikusaidia, kwa sababu chumvi haiyeyuki katika mafuta.

Ushahidi wa Huff ulikuwa mwepesi kueleweka. Fataki za wakati ule zilikuwa na klorati ya potasiamu ndani yake. Mchanganyiko uliotumiwa na jeshi la Marekani kwa miongo kadhaa ulikuwa na zaidi ya nusu. Inapolipuka, klorati hutoa oksijeni na kubaki kloridi, inayotapakaa mtutuni kama vumbi lisiloonekana. Mtutu uliofyatuliwa na kuwekwa katika hewa kavu ulibaki mzuri; uliowekwa katika hewa yenye unyevu uliota kutu, na mafuta yaliyopakwa juu ya chumvi hayakuuzuia unyevu kuifikia. Mitutu ya baruti nyeusi nayo ilikuwa na chumvi za fataki. Kwa nini basi haikuonyesha tabia hii mapema? Kwa sababu chumvi hiyo ilichanganyika na ukoga mwingi, na ukoga haukutoka ila kwa maji. Askari wa zamani aliosha mtutu kwa maji kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na chumvi ikaondoka pamoja na uchafu ambao yeye aliuona. Mjukuu wake alidharau maji, maana nani anatia maji kwenye chuma? Akatumia mafuta ya kisasa, na chumvi ikabaki.

Jeshi la Uingereza halikuyaacha maji kabisa. Liliendelea kutoa faneli maalumu ya kumimina maji yanayochemka kupitia chemba ya bunduki zake za tundu la inchi .303, na maji hayo yaliyeyusha chumvi huku joto lake likisaidia chuma kukauka upesi. Zoezi hilo lilikuwa sahihi hata pale sababu iliyotolewa ilipokuwa si sahihi. Hapa pana fundisho la kemia kwa ukanda wetu. Mnamo Novemba 1914, katika mapigano ya Tanga, kemia mbili za bunduki zilikutana katika uwanja mmoja. Sehemu kubwa ya askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado na Mauser za 1871 zinazotumia baruti nyeusi, ambazo wingu lake la moshi lilimwonyesha adui mahali walipo. Waingereza, upande wa pili, walikuwa na bunduki za baruti isiyo na moshi, na Wajerumani waliposhinda walijipatia bunduki 455 na risasi zipatazo 600,000. Bunduki ya kwanza iliacha ukoga unaofyonza unyevu, ya pili iliacha chumvi isiyoonekana, na hewa ya pwani haikubagua kati yao. Dawa ya zote mbili ilikuwa maji. Bunduki hiyohiyo ikipelekwa katika nyika kavu za bara ingeweza kusamehe siku mbili tatu za kusahauliwa. Kwa Tanga usiku mmoja ulitosha. Mkaguzi aliyeona kutu katika mtutu wa pwani na kutoiona katika mtutu wa bara angeweza kwa urahisi kudhani amepima tofauti ya tabia za askari, kumbe alikuwa akipima unyevu wa hewa.

Kwa wapiga shabaha wa masafa marefu kulikuwa na uchafu wa tatu, nao ulionekana kwa macho. Risasi za mwanzo za karne ya 20 zilivikwa koti la shaba iliyochanganywa na nikeli. Risasi ya Marekani ya 1906 ilitoka kwa kasi ya futi 2,700 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo koti liliacha mabaka magumu ya madini karibu na mdomo wa mtutu. Brashi haikuyatoa. Mpiga shabaha aliziba chemba kwa kizibo, akavika mdomo mpira mfupi, akaujaza mtutu mchanganyiko wa amonia kali na chumvi za amonia, akangoja nusu saa. Dawa ikikauka ndani, ilikila chuma chenyewe. Wafaransa walikuwa wamegundua kwenye mizinga yao kwamba bati likitiwa katika chaji huifanya shaba iliyoganda kuwa dhaifu ikatoka yenyewe. Mwaka 1921 Wamarekani walilichukua somo hilo upande usiofaa: wakapaka bati juu ya risasi za mashindano. Baada ya muda bati lilijigandisha kwenye shingo ya ganda. Wapiga shabaha waliozoea kuchovya risasi katika grisi ili kuzuia mabaka waliongeza grisi juu ya bati, na shinikizo ndani ya chemba likapanda hadi kiwango cha hatari. Tatizo lilikwisha bila brashi wala amonia pale koti la nikeli lilipobadilishwa, kuanzia mwaka 1922 hivi, kwa mchanganyiko wa shaba na zinki kidogo. Miaka ya mabishano kuhusu namna bora ya kusugua ilimalizwa na uamuzi wa kiwandani.

Mtu anaweza kupinga hapa, tena kwa haki, kwamba hoja hii inamdharau askari. Kabla ya Huff, atasema, ni mikono iliyosugua ndiyo iliyookoa mamilioni ya bunduki, na jeshi lisingeweza kungoja wakemia. Ni kweli. Hata Huff alipotoa jawabu, majeshi hayakuziacha fataki za klorati mara moja. Ujerumani ilikuwa na fataki zisizoleta kutu tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kampuni ya Remington ilianza kuziuza Marekani mwaka 1927, lakini jeshi la Marekani liliendelea na klorati kwa risasi nyingi za bunduki hadi miaka ya 1950. Sababu haikuwa ujinga. Fataki ya klorati iliwaka kwa uhakika hata baada ya kukaa ghalani miaka mingi, na amiri jeshi anayechagua kati ya mtutu wenye kutu na risasi isiyolipuka hatasita. Lakini tazama bunduki fupi ya M1 iliyotolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mfumo wake wa gesi haukuweza kufunguliwa na askari ili usafishwe, kwa hiyo risasi zake zilitengenezwa tangu mwanzo na fataki zisizoleta kutu. Pale kusugua kulipokuwa hakuwezekani, kemia iliyokuwa "haiwezekani" ilipatikana. Kwa hiyo nidhamu ya askari ilikuwa pia njia ya kumsukumia yeye mzigo ambao kiwanda kiliona ni ghali kuubeba.

Pingamizi kubwa zaidi ni Vietnam. Katika miaka ya 1966 na 1967 bunduki ya M16 ilikwama mikononi mwa askari wa Marekani katikati ya mapigano, na maelezo ya haraka yalikuwa kwamba hawakuisafisha. Kesi hii inahusu kukwama zaidi kuliko shabaha, ila inapima hoja yangu vizuri kuliko nyingine yoyote, maana hapa kusafisha kulikosekana kweli. Bunduki ilifika ikiwa na sifa ya kutohitaji matunzo, na vifaa vya kusafishia havikutosha. Tume ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza, na ripoti yake ya Oktoba 1967 haikuishia kwa askari. Ililaumu kubadilishwa kwa baruti, iliyoongeza kasi ya mfyatuo na kuacha masalia zaidi, bila bunduki kufanyiwa marekebisho yanayolingana, na ikasema mwenendo wa wakuu waliohusika ulikaribia uzembe wa jinai. Chemba ya bunduki, isiyokuwa na kromi, iliota kutu katika unyevu wa Asia ya Kusini Mashariki na kulishika ganda la shaba lisitoke. Wajapani walikuwa wamepaka kromi mitutu ya bunduki zao za 1939, na Wasovieti walifanya hivyo kwa AK. Mwaka 1967 chemba ya M16 ilianza kupakwa kromi, na baadaye mtutu mzima. Vifaa vya kusafishia vilipelekwa pia, na vilisaidia; sikatai. Lakini mtu akitaka kusema vilisaidia peke yake, itambidi aeleze kwa nini mabadiliko ya kiwandani yalihitajika.

Linabaki pingamizi la wapiga shabaha wa mashindano ya leo, wanaosafisha mitutu yao mara nyingi kuliko askari yeyote na kutoboa matundu yanayoangukiana. Je, hao si ushahidi kwamba usafi huzaa shabaha? Kwa kiasi, ndiyo. Kaboni na shaba hujijenga katika mtutu, na katika mchezo ambao ushindi hupimwa kwa sehemu ndogo ya inchi, ni lazima viondolewe. Ila tazama wanachofanya baada ya kusafisha: hawaanzi kuhesabu alama. Hufyatua kwanza risasi moja au zaidi za kuuchafua mtutu, kwa sababu risasi ya kwanza katika mtutu mkavu, au wenye filamu ya mafuta, huanguka mahali tofauti na zinazofuata. Wanachokitafuta ni hali isiyobadilika, na hali hiyo ina uchafu kidogo ndani yake. Wapiga shabaha wa bunduki ndogo za .22, ambao risasi zao ni laini, zimepakwa nta na zina fataki zisizoleta kutu, wengi wao huacha mtutu bila brashi kwa muda mrefu, na alama zao hazianguki.

Kwa upande mwingine, brashi na kamba vina historia yao ya uharibifu. Kamba ya Waingereza ya kuvutia kitambaa, ikivutwa kwa pembe siku baada ya siku, ilichonga mfereji kwenye ukingo wa mdomo, na wavu wa waya uliofungwa juu yake kwa ajili ya kutu ngumu ulisugua michirizi pamoja na kutu. Bunduki ya Garand, silaha ya askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili na Korea, haiwezi kusafishwa kutoka nyuma. Fito la chuma lazima liingie kwa mbele. Katika kambi za mafunzo, ambako bunduki moja ilipita mikononi mwa askari wapya wengi na kusafishwa kila siku hata pale haikufyatuliwa, mitutu ilipanuka mdomoni huku sehemu ya nyuma, inayochakazwa na moto wa baruti, ikiwa bado nzuri. Mafundi wa silaha wanaokagua Garand hupima ncha zote mbili kwa sababu hiyo: kipimo cha nyuma huonyesha bunduki imefyatuliwa kiasi gani, na kipimo cha mdomo huonyesha imesafishwa vibaya kiasi gani.